Lipi Liende Mtandaoni, Lipi Libaki Wodini: Mgawanyo wa Mafunzo ya Wauguzi na Wakunga

Mwaka 2005, shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza kuwaendeleza wauguzi wa cheti hadi stashahada kwa kutumia kompyuta. Wauguzi hao walikuwa maelfu kwa maelfu, vyuo visingewatosha, na zahanati zisingeweza kufungwa ili wao warudi shule. Nadharia ikawekwa kwenye kompyuta, vitendo vikabaki hospitalini chini ya wasimamizi.

Mgawanyo huo ni mzuri, lakini waandaaji wengi wa kozi huufanya kwa kutazama majina ya mada tu. Hapo ndipo wanapoharibu. Mada moja inaweza kuwa na sehemu mbili zisizofundishika kwa njia moja.

Partogramu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, ni mfano. Kuijaza na kuisoma kunafundishika vizuri mtandaoni: mkunga anapewa taarifa za mama aliye kwenye uchungu, anachora mstari, anaamua kama ni wakati wa kumpa rufaa, na akikosea anaonyeshwa papo hapo. Anaweza kurudia usiku wa zamu hadi aelewe. Lakini namba anayoiandika, yaani sentimita ambazo mlango wa kizazi umefunguka, huipata kwa vidole vyake. Vidole havifundishwi na video. Vinahitaji mkunga mzoefu atakayepima baada yake na kumwambia kama amepatia.

Ndivyo ilivyo pia kwa kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Hatua zake, pamoja na ile dakika ya kwanza yenye thamani kubwa, zinasomeka hata kwenye simu. Kushika mfuko wa hewa na barakoa ni jambo jingine: barakoa isipokaa sawasawa juu ya pua na mdomo, hewa inavujia pembeni na kifua hakiinuki. Simu haiwezi kuliona kosa hilo.

Wala siku moja ya vitendo haitoshi. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi walipata kozi ya siku moja ya Helping Babies Breathe, mpango wa mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga wasiopumua uliozinduliwa mwaka 2010. Kwenye mwanasesere wa mazoezi walifanya vizuri zaidi kuliko awali. Kwenye chumba cha kujifungulia utendaji wao haukubadilika kama ilivyotarajiwa. Baadaye yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, ya dakika chache, palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua.

Kwa hiyo muda na fedha zinazookolewa kwa kuhamishia nadharia mtandaoni zisirudishwe hazina. Zinunue mwanasesere na mfuko wa hewa wa kukaa wodini mwaka mzima, na zimlipe msimamizi atakayewapitisha watumishi kwenye zoezi kabla ya zamu kuanza. Cheti nacho kisitolewe kwa alama za maswali ya mtandaoni pekee. Kisubiri saini ya aliyeona kifua kikiinuka.