Roketi ya Hatua Mbili: Kazi ya Gundi na Kazi ya Moto

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa kanisa. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.)

 

Nimeombwa niseme juu ya boksi hili lililo mezani. Limeletwa na marafiki wa kanisa kutoka Marekani, wakawapa vijana wa kikundi. Tangu lifike, maswali hayaishi. Wengine wanasema ni mchezo wa watoto, wengine wanasema ni bomu. Si bomu, na mchezo ni mchezo kweli, lakini una mambo ndani yake ambayo mzazi afadhali ayajue kabla mtoto hajaanza kuyajaribu peke yake nyuma ya choo.

Hebu sogeeni mwone. Hapa kuna mabomba mawili ya karatasi ngumu, moja refu na moja fupi. Hii nyepesi ya plastiki ni pua. Hivi vibao vyembamba ni vya mti wa balsa, mwepesi kuliko mti wowote mliowahi kushika, na ndivyo vitakavyokuwa mapezi, kama mapezi ya samaki. Kuna mwavuli mdogo wa plastiki na uzi wake, na lastiki kama ile ya sketi. Basi. Injini hazimo. Haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, kwa sababu ndani yake mna baruti. Kwa hiyo tulicho nacho ni mwili wa roketi bila moto wake. Mimi nasema hiyo ni baraka, na nitawaeleza kwa nini.

Kwanza, kwa nini hatua mbili? Mnajua mbio za kupokezana kijiti. Mkimbiaji wa kwanza hafiki mwisho wa mbio. Anakimbia kwa nguvu zake zote, anampa mwenzake kijiti, anatoka njiani. Sasa fikirini kama yule wa pili angelazimika kumbeba mgongoni yule wa kwanza aliyekwisha choka. Si angeshindwa? Roketi ni hivyo hivyo. Injini ikiisha baruti, inabaki ganda tupu, na ganda ni mzigo. Roketi ya hatua mbili huliachia lile ganda pamoja na bomba lake fupi na mapezi yake, kisha sehemu ya juu inaendelea ikiwa nyepesi.

Wale waliowahi kuishi pwani watakumbuka mambo ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kule baharini kuna majukwaa ya chuma ambayo Waitaliano waliyatumia pamoja na Wamarekani. Kati ya mwaka wa 1967 na 1988 zilirushwa pale roketi za Scout zilizobeba setilaiti. Scout ilikuwa na hatua nne, wakimbiaji wanne wa kupokezana. Tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, na ikaitwa Uhuru kwa heshima ya nchi yetu. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaisaidia roketi inayoelekea mashariki, na kwa sababu maganda yanayoachwa njiani yanaanguka Bahari ya Hindi, sio juu ya paa la mtu. Hilo la paa mlishike, nitalirudia.

Sasa tuje kwa moto. Nilipokuwa naingia nimesikia vijana wawili pale nje wakiulizana kama vichwa vya viberiti vinaweza kufanya kazi ya injini. Sitawataja. Lakini nawajibu mbele ya wote: hapana, na anayejaribu anaweza kupoteza vidole au macho. Ile dawa ya kiberiti imetengenezwa iwake kwa kusuguliwa. Ukiishindilia kwenye bomba unaisugua, na bomba likiziba, hujatengeneza roketi tena, umetengeneza bomu na umelishika mkononi. Isitoshe, Sheria ya Vilipuzi ya Kenya, Sura ya 115, hairuhusu mtu kutengeneza vilipuzi bila leseni. Usije ukamwambia polisi ati ilikuwa sayansi.

Msidhani upumbavu huu ni wa kwetu tu. Mwezi wa Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, na vijana wa Marekani wakashikwa na homa ya roketi. Walichanganya madawa jikoni na gereji, wakayashindilia kwenye mabomba ya chuma. Wengi waliumia na wengine walikufa. Watu wazima wakagawanyika: kuna waliotaka mambo hayo yapigwe marufuku kabisa.

Lakini tayari kulikuwa na mtu aliyefikiria njia nyingine. Aliitwa Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska. Huyu alipenda fataki, na ndugu yake Robert alipenda ndege za kuchezea. Akatengeneza roketi ndogo ya karatasi na mti mwepesi, yenye injini ya kutumia mara moja na kutupa, na yenye mwavuli wa kuishusha. Mwaka wa 1957 alisoma makala ya G. Harry Stine, mtaalamu aliyefanya kazi kwenye uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands, kule New Mexico. Stine alikuwa ameandika juu ya usalama wa kazi hiyo. Carlisle akamtumia roketi zake azijaribu. Stine alipoziona zikiruka alielewa mara moja: hapa kijana anajenga, anapima, anarusha, lakini baruti haigusi. Baruti inashindiliwa kiwandani. Baadaye kidogo Vern Estes wa Colorado alitengeneza mashine ya kushindilia injini hizo, moja kwa kila sekunde tano na nusu, na kutoka hapo maboksi kama hili yakaenea mashuleni.

Mimi sioni ujanja mkubwa katika roketi yenyewe kushinda ujanja wa huyo muuza viatu wa kutenganisha kazi ya gundi na kazi ya moto. Mtoto aliachiwa kazi yote isipokuwa ile moja inayoua.

Injini yenyewe ni kitu kidogo, unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 70, kama kidole cha mtu mzima. Imeandikwa ubavuni herufi na namba, kwa mfano C6-7. Herufi inaonyesha jumla ya nguvu: B ina nguvu hadi mara mbili ya A, na C hadi mara mbili ya B. Namba ya kwanza ni msukumo wa wastani. Namba ya mwisho ndiyo inayotafutwa na mtu wa hatua mbili. Ni sekunde ambazo injini itangoja, ikitoa moshi tu, kabla ya kufyatua baruti kidogo ya mbele inayosukuma pua na kuutoa mwavuli.

Injini ya chini lazima iwe na sifuri mwishoni, C6-0. Hiyo haingoji, wala haina kizibo cha udongo mbele yake. Baruti ikikaribia kuisha, ukuta mwembamba uliobaki unapasuka na moto unaruka mbele, unaingia katika tundu la injini ya juu, nayo inawaka. Nguvu hiyo hiyo inazitenganisha. Kabla ya kuruka, injini zile mbili hufungwa pamoja kwa selotepu mzunguko mmoja, zikigusana kabisa, zisije zikaachana kabla moto haujavuka. Kazi ya kushikilia maisha ya roketi nzima inafanywa na selotepu ya senti chache!

Sasa fikirini mtu amekosea namba. Ameweka C6-7 chini. Injini inaisha, halafu inangoja sekunde saba. Wakati huo roketi imeshapoteza mwendo, imeinama, imegeuza pua ardhini. Au moto haukuvuka kwa sababu selotepu ililegea. Injini ya juu haikuwaka, kwa hiyo mwavuli hautafunguka kabisa, maana mwavuli unategemea injini ya juu peke yake. Roketi inarudi kama mshale. Na kuna hatari iliyo mbaya zaidi: roketi ikiwa imepinda kwa upepo wakati injini ya pili inawaka, haiendi juu tena, inakwenda kwa watu. Ndiyo sababu wenye ujuzi hawaanzi na hatua mbili. Wanarusha sehemu ya juu peke yake kwanza mpaka wahakikishe inakwenda wima.

Kule Marekani kuna chama chao, National Association of Rocketry, chenye kanuni. Huwashi kwa kiberiti, unawasha kwa waya na betri ukiwa umbali usiopungua mita 5 kwa injini za ukubwa huu. Roketi inateleza kwenye fimbo ya chuma iliyosimama wima ili ishike njia. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, mnarudi nyumbani. Kwa injini mbili za C unahitaji uwanja wenye upana usiopungua mita 150. Isipowaka, unaondoa ufunguo wa betri na kungoja dakika nzima kabla ya kuisogelea. Roketi yenyewe itapita mita 300 kwenda juu. Lile bomba fupi la chini halina mwavuli. Ni jepesi, linaanguka likipinduka-pinduka, halimdhuru mtu.

Basi sisi tutafanya nini na boksi lisilo na moto? Tutafanya kazi ya gundi, ambayo ndiyo kubwa.

Mapezi yanakatwa kwa wembe, na nyuzi za mti lazima zifuate ule ukingo wa mbele wa pezi. Ukikata kinyume, pezi linavunjika kama biskuti. Yanasuguliwa kwa msasa, yanapakwa gundi nyeupe, yanaachwa yakauke kidogo, kisha yanapakwa tena na kubandikwa. Kila bomba lina mapezi matatu kwa nafasi sawa. Kuipima nafasi hiyo chukua ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye bomba, ukate mwisho wake, uukunjue na kuugawa mara tatu. Akina mama washonaji hapa mtawashinda vijana, nawaambia mapema. Mapezi ya chini ni makubwa zaidi, na kuna sababu. Injini mbili zikikaa mkiani uzito unarudi nyuma, na roketi yenye mkia mzito inataka kugeuka. Mapezi makubwa yanaushika mkia ubaki nyuma.

Tutajuaje kama yametosha? Kwa kamba. Tutachukua udongo wa mfinyanzi mkavu wenye uzito wa gramu 50 kwa mizani ya duka, tuugawe sawa kwa sawa, kila nusu iwe na umbo la injini, maana injini moja ina karibu gramu 24. Tunaziweka mahali pa injini, tunatafuta pale roketi inapolala sawa juu ya kidole, tunafunga kamba hapo hapo, kisha mtu anaizungusha kichwani kama kombeo. Pua ikitangulia, roketi ni salama. Ikigeuka mkia mbele, au ikiyumba, tunaongeza uzito kidogo puani na kujaribu tena. Lakini angalieni: tunapima mara mbili. Mara ya kwanza ikiwa nzima, mara ya pili sehemu ya juu peke yake, kwa sababu baada ya kuachana itakuwa roketi nyingine yenye uzito mwingine. Wengi husahau hiyo ya pili.

Na kwa wale wanaotaka kuona kitu kikiruka, kipo cha kuruka. Chupa ya plastiki ya soda, maji theluthi moja, kizibo cha mpira chenye sindano ya kujazia mpira, na pampu ya baisikeli yenye bomba refu. Hewa inalisukuma maji, maji yanaisukuma chupa. Ni chupa ya soda tu, kwa sababu imetengenezwa kustahimili gesi. Ya kioo ni marufuku, na yenye ufa ni marufuku. Mwenye pampu anakaa mbali, wengine mbali zaidi, na hakuna anayeinama juu ya chupa kuchungulia. Hiyo tutairushia uwanja wa shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, wakati hakuna ng'ombe.

Tunaanza Jumamosi saa nane, hapa hapa. Kila kikundi kilete rula, wembe mpya, msasa na gazeti la kutandika mezani. Udongo utoke kwa akina mama wafinyanzi, na mwenye duka ameshakubali kutuazima mizani pamoja na jiwe la gramu 50, ila lirudi siku hiyo hiyo. Wale vijana wawili wa viberiti nawaomba wafike mapema, maana nataka wao ndio washike kamba.