Kura Iliyosubiriwa Miaka Arobaini na Miwili

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Mpanda)



Nimeombwa nizungumzie wajibu wa raia. Wengi hutaja Marekani, ambako tarehe 6 Januari 2021 watu walivamia jengo la Bunge mjini Washington ili matokeo ya uchaguzi yasithibitishwe. Kisa hicho kimesemwa sana. Mimi nawaelekeza kwa majirani zetu wa Katumba na Mishamo.

Walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku. Lakini makazi yao yaliongozwa na Mkuu wa Makazi aliyeteuliwa na Serikali, na kutoka nje kulihitaji kibali. Mtoto alizaliwa humo, akakua, akaoa, akazaa, asipate kupiga kura katika uchaguzi wa nchi. Mwaka 2010 Serikali ilikubali kuwapa uraia watu zaidi ya 162,000, wakiwamo wa Ulyankulu. Vyeti vikazuiliwa, kwa kuwa walitakiwa kwanza wahamie mikoa mingine. Uchaguzi wa mwaka ule ukawapita. Vilianza kutolewa Oktoba 2014.

Sisi tuliozaliwa na haki hiyo tunaitumiaje? Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 humfanya kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukutana kila miezi mitatu. Sheria haikusema "isipokuwa mwalimu". Mtumishi amekatazwa kufanya siasa za vyama kazini. Hakukatazwa kuuliza mapato na matumizi ya kijiji anachoishi. Lakini siku ya mkutano, yule awezaye kusoma hesabu ile na kuona palipo pengo hukaa nyumbani akisahihisha madaftari, na mkulima anasomewa tarakimu asizoweza kuzihakiki. Kisha sote tunalalamika kwamba darasa halijaezekwa.

Kukosa ushindani nako kuna hasara yake. Mwaka 1965, ingawa chama kilikuwa kimoja, mpiga kura alichagua kati ya jembe na nyumba, na Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani, akaangushwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na nafasi nyingi zikajazwa bila karatasi ya kura kuguswa. Naona hata chama kilichoshinda kilipata hasara: hakikupata kujua ni yupi kati ya viongozi wake anayekubalika kwa watu, na ni yupi anayevumiliwa tu.

Basi, ndugu zangu, kabla ya mwezi huu kwisha, kila mmoja wetu amuulize mtendaji wake mkutano umepangwa lini. Ukiwa haukupangwa, aulize sababu, tena kwa barua.