Motokari Inayokataa Kuwaka Ikiwa na Joto

Leo tutasema juu ya ugonjwa mmoja wa motokari za esansi. Asubuhi inawaka upesi. Lakini ikisha kupanda mlima na kusimama kidogo, haiwaki tena. Ikipoa, inawaka kama si kitu.

Jambo hili lina hasara kwenu. Motokari inatoka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, penye mita 620 hivi juu ya bahari. Inapanda kwa Bogoro mpaka Bunia, penye mita 1,275 hivi. Ikikwama Bogoro wakati wa adhuhuri, samaki hawangoji. Wataoza kabla ya kufika soko la Bunia, wala watu wa machimbo ya Mongbwalu hawatawaona.

Jueni kwanza neno hili: ugonjwa huu hujificha. Ukipeleka motokari kwa fundi kesho yake, imekwisha kupoa, naye hataona kitu. Atabadili hiki na kile, na fedha zenu zitakwisha. Kwa hiyo itazameni palepale, ingali na joto. Zuieni magurudumu kwa mawe, wala mtu asivute tumbako karibu. Kisha fanyeni hivi:

1. Sikilizeni stata. Ikizungusha injini polepole, tazameni batri, nyaya zake, na stata yenyewe.

2. Injini ikizunguka upesi, nuseni. Harufu kali ya esansi maana yake imezidi. Kanyageni pedali ya mafuta mpaka chini na kuishikilia hapo, ndipo mzungushe injini.

3. Kama hakuna harufu, huenda esansi haifiki. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kabla ya digrii 50, na mahali pa juu kama Bunia huchemka mapema zaidi, maana hewa ni nyepesi. Mvuke huo huzuia pampu isivute. Wekeni kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba la esansi tu. Ikiwaka huku injini ingali na joto, sababu ni mvuke. Fundi alisogeze bomba mbali na bomba la moshi.

4. Ikiwa esansi inafika, fundi apime moto wa buji kabla injini haijapoa. Bobini iliyochakaa hutoa moto mzuri ikiwa baridi, na kuupoteza ikipata joto.

Motokari za siku hizi zisizo na kabureta, fundi apime nguvu ya esansi ndani ya bomba mara tu zinapokataa, na kile kifaa kinachopima joto la injini.

Msimimine esansi katika kabureta ya injini yenye joto: moto utalipuka usoni. Wala msifungue kifuniko cha rejeta: maji yataruka na kuwaunguza.

Mambo mliyoyaona, andikeni katika karatasi mara moja, kisha mpeni fundi. Karatasi hiyo itamwonyesha ugonjwa ambao motokari iliyopoa haiwezi kumwonyesha.