Redio ya Chama Isifutwe Kabla Haijafunguliwa
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu wa vyama vya msingi, Kamuli)



Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana. Hata katika zama hizi za simu, mkulima wa kahawa bado huenda na redio ya betri shambani. Kwa hiyo hunisikitisha kukuta katika daftari la mali maneno "redio mbovu, ifutwe", ilhali hakuna aliyethubutu kufungua hata kifuniko cha betri.

Humo ndimo ubovu mwingi huanzia. Betri kavu ya kawaida ina kopo la zinki ambalo huliwa kidogo kidogo umeme unapotumika. Likitoboka, majimaji hutoka na kushambulia springi na vibati. Mkiona unga mweupe au kutu ya kijani, toeni betri zote, mkwangue taratibu, kisha msugue kwa msasa laini mpaka chuma king'ae. Ikiwa betri zilikuwa za alkalini, pangusieni kwanza kitambaa chenye siki kidogo, mkaushe kabisa. Springi iliyokatika hupata mbadala katika tochi kuukuu. Betri mpya zisichanganywe na zilizochoka, maana iliyochoka ndiyo itakayovuja. Na ile desturi yetu ya kuanika betri juani huziongezea saa chache tu.

Antena ikivunjika, fungeni kwenye kisiki chake waya wa shaba wa sentimita 75 hivi, yaani robo ya wimbi la stesheni za FM zilizo karibu na megahezi 100. Spika iliyochanika hubandikwa karatasi nyembamba kwa gundi kidogo. Gundi nyingi huifanya sauti kuwa nzito. Sauti ikikwaruza, toeni betri, mzungushe kitufe chake mara nyingi ili vumbi liachie.

Redio iliyochomekwa katika umeme wa ukutani msiiguse. Hiyo, pamoja na kazi yoyote ya kulehemu, ni ya fundi. Naye atoe stakabadhi inayotaja kipuri alichobadilisha, isiyoandika "matengenezo" tu.

Kufuta mali ya wanachama si uamuzi wa katibu peke yake. Kikao kikae, na muhtasari uandikwe. Katika ukaguzi ujao nitaomba kuonyeshwa daftari na redio yenyewe, vyote viwili.