Hesabu Katika Kishikwambi: Kila Mtu na Jina Lake

Natumaini mmekwisha kukaa, ubao umefutwa, na kila mmoja ana daftari na kalamu.

Tuanze na hesabu moja. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni. Mama mmoja anauza ndizi sokoni. Mteja ananunua ndizi 7, na kila ndizi ni shilingi 200. Bei yake yote ni shilingi 1,400. Mteja anatoa noti ya shilingi 2,000. Je, mama atamrudishia chenji shilingi ngapi? Fanyeni sasa.

(Nafasi ya kufanya hesabu.)

Jibu ni shilingi 600. Waliopata, vema. Lakini huenda wako walioandika 1,400. Msione haya, maana kosa hilo lina sababu yake. Mtu anayeanza kujifunza kutoa hufika mahali pa mamia, akaona 0 juu na 4 chini. Hajui la kufanya, basi hugeuza: badala ya kutoa nne katika sifuri, hutoa sifuri katika nne, akaandika 4. Kisha mbili toa moja, akaandika 1. Ndiyo hiyo 1,400. Alisahau kukopa katika maelfu. Daftarini kosa ni dogo, lakini sokoni mama huyo amerudisha shilingi 800 zaidi. Ni kama ametoa ndizi 4 bure.

Mtu wa namna hii anahitaji mambo mawili. Anahitaji kosa lake lionekane mapema. Tena anahitaji kupewa hesabu nyingine za namna ile ile mpaka azoee. Mwalimu mmoja mwenye wanafunzi 24 hawezi kuyapitia madaftari yote kila jioni. Hapo ndipo programu ya hesabu inapoweza kumsaidia. Leo tutajifunza namna ya kuiandaa programu hiyo darasani.

Kwanza tuelewane maneno. Kishikwambi ni chombo bapa chenye kioo, kama simu iliyopanuliwa. Ukigusa kioo, kinafanya unalotaka. Programu ni kazi iliyopangwa na kutiwa ndani ya chombo; chombo bila programu ni kama sufuria bila chakula. Waifai ni mawimbi yanayounganisha vyombo bila waya. Ruta ni kisanduku kinachotoa mawimbi hayo. Nywila ni neno la siri la kufungulia, kama ufunguo wa mlango.

Programu za hesabu ni nyingi. Leo nitaieleza moja, iitwayo Kolibri. Imetengenezwa na shirika la Learning Equality la Marekani, nayo hutolewa bure. Nimeichagua kwa sababu ikikwisha kutiwa masomo, haihitaji intaneti tena. Darasa lililo mbali na mji linaweza kuitumia sawasawa na darasa la mjini.

Kazi ya kuiandaa ina hatua sita. Yafaa darasa lichague watu wawili wa kumsaidia mwalimu. Msichague vijana peke yao. Chagueni na mtu mzima mwenye subira, maana kazi hii haitaki haraka.

Hatua ya kwanza ni kuandaa ghala. Si lazima kila kishikwambi kitiwe masomo yote. Chukueni kompyuta moja, iwe ndiyo ghala, nayo itiwe Kolibri. Vishikwambi vitakuja kuchota humo. Ikifunguliwa mara ya kwanza, programu itauliza lugha, kisha jina la kituo chenu, kisha jina na nywila ya msimamizi. Chagueni Kiswahili. Nywila ya msimamizi iandikwe katika daftari la mwalimu, wala isibandikwe ukutani. Ikipotea, kazi yote itakwama.

Hatua ya pili ni kutia masomo ndani ya ghala. Kazi hii ifanywe kabla ya siku ya darasa. Kama kuna intaneti mjini, pelekeni kompyuta huko. Au mwombeni mwenzenu aliyekwisha kuyapata masomo hayo awatilie katika flashi au diski ya nje, nanyi myatoe humo. Masomo ya video hula nafasi kubwa sana kuliko mazoezi. Basi msichukue kila kitu. Anzeni na kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Tena fungueni zoezi moja moja mwone limeandikwa kwa lugha gani, maana mengine yako kwa Kiingereza.

Hatua ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: kuandika majina. Msimamizi hufungua darasa ndani ya Kolibri, akamwandika mwalimu, kisha akamwandika kila mwanafunzi kwa jina lake. Majina mawili yakifanana, ongezeni tarakimu mwishoni. Kolibri huweza kupangwa ili mwanafunzi aingie kwa jina tu, bila nywila. Kwa mtu anayeanza kusoma huo ni msaada mkubwa. Mtu akitafuta jina lake katika kioo akalipata, hilo nalo ni somo la kusoma.

Madarasa mengine huchoka hapa. Husema, "Majina 24 ni mengi, tuandike jina moja la kishikwambi, sote tulitumie." Ndugu zangu, msifanye hivyo. Nitaeleza sababu punde hivi.

Hatua ya nne ni kupanga kazi. Mwalimu achague mazoezi machache, ayaweke katika somo moja, alipe darasa. Mtu aliyeanza juzi akifunguliwa maktaba nzima atapotea kama mgeni katika soko kubwa. Mazoezi matatu ya kutoa yanatosha kwa juma.

Hatua ya tano ni kuunganisha vishikwambi. Washeni ruta, kisha unganisheni kompyuta na vishikwambi vyote katika waifai hiyo moja. Ruta hutoa mawimbi chumbani hata kama haikuunganishwa na intaneti. Kishikwambi kikiandika kwamba hakuna intaneti, msishtuke. Kiambieni kibaki hapo hapo. Kisha fungueni kivinjari, yaani ile programu ya kusomea kurasa za intaneti, mwandike anwani iliyoonyeshwa na kompyuta. Anwani hiyo huwa na tarakimu zenye nukta katikati. Mwalimu aiandike ubaoni kwa herufi kubwa. Nukta moja ikikosekana, mlango haufunguki.

Hatua ya sita ni kujaribu. Siku moja kabla ya darasa, washeni vyombo vyote kwa pamoja. Ingieni kwa majina mawili au matatu, mfanye zoezi moja, mtoke. Mwalimu atazame katika ukurasa wake kama kazi hiyo imeandikwa. Halafu chajini betri zote. Chombo kisicho na moto hakina faida, hata kama masomo yote yamo ndani ya ghala.

Sasa turudi kwa mama muuza ndizi, ili nieleze kwa nini nasisitiza majina.

Tuseme mama huyu yumo katika darasa lenu. Ameshika kishikwambi, jina lake limo. Hesabu ya kwanza ya kutoa inakuja, anakosa. Anaona haya. Jirani yake ni hodari, anamwambia, "Lete, nikuonyeshe." Anachukua kishikwambi, anajibu hesabu tano upesi upesi, zote sahihi. Wote wawili wanafurahi. Jirani ametenda wema, au ndivyo anavyodhani.

Lakini programu haioni uso wa mtu. Inaona jina tu. Imeandika kwamba mama huyu anajua kutoa. Mwalimu anafungua ukurasa wake. Programu imemwekea alama kwa watu wanaohitaji msaada, na jina la mama halimo. Basi mwalimu anakwenda kwa wengine. Juma lijalo anampa mama hesabu za kuzidisha. Mama hazijui, anaona ameshindwa, na mwisho haji tena darasani. Na siku ya soko bado anarudisha shilingi 1,400.

Mmeona? Jirani alilificha kosa, na kosa lile ndilo lililokuwa likimwita mwalimu.

Mambo huwa hivyo hivyo watu wakitumia jina moja la kishikwambi. Hodari na mnyonge huchanganywa katika chungu kimoja, mwalimu asijue nani kapika nini. Vile vile mtu akimaliza bila kutoka. Anayefuata ataendelea kuandikiwa kwa jina la mwenzake. Kwa hiyo wekeni sheria tatu, mziandike ukutani:

Ingia kwa jina lako.
Jibu kwa akili yako.
Toka ukimaliza.

Je, jirani asisaidie kabisa? Asaidie, tena sana. Lakini asaidie kwa mdomo na kwa kokoto, asisaidie kwa kidole chake juu ya kioo. Amwonyeshe mwenzake jinsi elfu moja ilivyo mia kumi, na jinsi ya kukopa. Kisha mwenye jina ajibu mwenyewe. Programu yenyewe ina kidokezo kwa aliyekwama; kukiomba si aibu.

Wengine watauliza, "Vishikwambi vyetu ni 6, nasi tu watu 24. Tutagawanaje?" Hiyo nayo ni hesabu. Ishirini na nne gawanya kwa sita ni nne. Basi kila kishikwambi kina watu 4. Kama mna dakika 60, kila mtu atapata dakika 15. Wakati mmoja anashika kishikwambi, watatu wafanye hesabu zile zile katika daftari. Tena wekeni zamu kwa orodha, ili wenye nguvu na wepesi wa kusema wasivitwae kila siku.

Huenda mtu mwingine atasema, "Mambo haya ni ya shule za mjini." La. Tangu mwaka 2017 hadi 2019 palifanywa jaribio kubwa katika mkoa wa Tanga, katika shindano lililoitwa Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamepata kusoma shuleni. Mwaka 2019 programu mbili zilitangazwa kuwa zimeshinda kwa sare, nazo ni Kitkit School na onebillion, zikagawana zawadi ya dola milioni 10.

Lakini angalieni maandalio yake. Masomo yalitiwa kabla vyombo havijafika mikononi mwa watoto. Kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake, kazi yake isichanganyike na ya mwenzake. Vijijini viliwekwa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua, na walichaguliwa watu wa kijiji wa kuviangalia. Hata pale watoto walipojifunza bila mwalimu, walikuwapo watu wazima walioshika dhamana. Sisi hatuna kishikwambi kwa kila mtu, basi jina la kila mtu lifanye kazi hiyo.

Ndugu zangu, neno la mwisho. Wengi wetu tuliacha shule, au hatukuiona kabisa, na tumezoea kuficha tusilolijua. Tumejifunza kuitika kwa kichwa na kumwachia mwingine ahesabu. Desturi hiyo imetugharimu fedha nyingi sokoni, dukani na kwenye mizani ya kuuzia mazao. Kishikwambi hakicheki mtu, wala hakitangazi kijijini kwamba umekosa. Kiacheni kiyaone makosa yenu, na mwalimu ayaone, ili yapate kusahihishwa. Kwa hiyo kama vishikwambi vyenu vimo kabatini, vitoeni juma hili, mwanze na hatua ya kwanza.

Sasa chukueni daftari. Haya ndiyo maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini masomo yatiwe katika kompyuta kabla ya siku ya darasa?
2. Darasa lina watu 30 na vishikwambi 5. Kila kishikwambi kitakuwa na watu wangapi? Kama kuna dakika 60, kila mtu atapata dakika ngapi?
3. Mteja amenunua ndizi 8 kwa shilingi 200 kila moja, akatoa shilingi 5,000. Chenji yake ni ngapi?
4. Katika darasa lenu, nani atashika dhamana ya kuchaji, na nani atashika orodha ya zamu?

Swali la tatu kila mtu alifanye peke yake. Aliyekosa amwonyeshe mwalimu kosa lake kabla hajalifuta.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutajifunza kuzidisha kwa tarakimu mbili. Kwaherini, na kazi njema.