Kucha Imara, Kucha Ngumu: Mhadhara wa Umma, Petta



Ukiingia duka la vipodozi Busia, upande wowote wa mpaka wa Uganda na Kenya, utakuta vichupa vya dawa ya kuimarisha kucha vimepangwa pamoja na rangi. Mbele ya kichupa kuna ahadi kwa herufi kubwa, nyuma kuna orodha ya viambato kwa herufi ndogo. Leo tusome nyuma.

Ukucha ni keratini, protini ileile ya nywele na kwato. Nyuzi zake zimeshikana kwa viungo vya salfa, na ugumu wake unatoka huko. Tororo yetu ni mji wa saruji, chokaa yenye kalisi tunayo tele, na bado watu wanashauriwa kununua rangi yenye kalisi ili kucha zikaze. Kalisi ndani ya ukucha haifiki hata sehemu moja kwa mia, na ya kupaka juu haiugeuzi. Chenye uzito hapa ni maji. Ukucha wenye afya una maji karibu asilimia 18. Yakipungua unapasuka, yakizidi unalegea na kuchanika tabaka kwa tabaka. Ndiyo maana mama anayefua, akamenya muhogo, akaosha vyombo, mikono ikilowa na kukauka mara nyingi kwa siku, kucha zake huanza kuchanika nchani. Hana ugonjwa wowote. Ni maji na sabuni.

Sasa kiambato chenyewe kinachouza vichupa hivi: formaldehidi. Ikiyeyushwa majini ndiyo formalini, ambayo wengi wetu tunaijua kutoka chumba cha kuhifadhia maiti. Inapenya kati ya nyuzi za keratini na kuzifunga kwa viungo vipya. Wiki za mwanzo mteja anafurahi, kucha zimekaza kweli. Akiendelea, viungo vinazidi na ukucha unapoteza mnyumbuko. Aliyewahi kujenga nyumba ya udongo anajua: fito mbichi inainama na kurudi, iliyokauka inakatika. Basi dada anaona kucha zinakatika, anadhani dawa ni kidogo, anaongeza. Wengine kucha huachana na nyama, kwa maumivu makali. Jambo hili linaniuma, kwa sababu anayelipia tiba ndiye anayezidi kuharibikiwa, na hakuna aliyemwambia aache.

Kwenye kibandiko formaldehidi inaweza kuandikwa formalin, methanal au methylene glycol. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliitangaza formaldehidi kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu, kwa ushahidi uliotoka hasa kwa watu walioivuta puani kazini miaka mingi. Kuna mbadala, dimethili yurea, ambayo haipenyi sana na mzio wake ni nadra. Ukilazimika kununua, tafuta hiyo.

Viambato vingine ni vya rangi ya kawaida: nitroselulosi inayotengeneza utando, vimiminika vinavyokauka upesi, na utomvu wa tosilamidi unaoufanya utando ushike. Utomvu huo una hila yake. Mwenye mzio nao haoni kitu vidoleni. Anavimba kope na kuwashwa shingoni, mahali anapojigusa bila kujua. Anapewa dawa ya macho, na kucha bado zinang'aa.

Wengine humeza vidonge vya bayotini, aina ya vitamini. Hivi vilianzia kwa wafugaji waliotibu kwato za farasi na nguruwe. Majaribio kwa watu yalikuwa madogo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba bayotini nyingi mwilini huvuruga vipimo vya maabara, kikiwemo cha mshtuko wa moyo. Ukivimeza, mwambie anayekutoa damu.

Lakini hapa kwetu, kabla ya kichupa, tazameni umbo. Ukucha mwembamba uliobonyea katikati, unaoweza kushika tone la maji, mara nyingi unasema upungufu wa madini ya chuma. Tunaishi penye malaria nyingi, na minyoo ya safura ipo, na vyote viwili hupunguza damu. Mtu huyo aende zahanati akapimwe damu. Na kwa kucha zilizokauka tu, mafuta ya simsim au ya mgando usiku, baada ya kulowesha mikono kidogo, yanazuia maji yasitoroke. Ukucha wa mkono unaota kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo subirini miezi sita. Anayeahidi wiki moja anauza utando.

Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja vya vipodozi, EAS 377, vyenye orodha ya vilivyokatazwa na vilivyowekewa kikomo. Mashirika ya viwango, UNBS huku Uganda na KEBS kule Kenya, ndiyo wasimamizi. Kinachopita njia za panya hakipimwi na yeyote. Kichupa kisicho na orodha ya viambato kirudisheni rafuni.

Nimalizie na nyinyi vijana wa saluni mnaopaka. Mteja anavuta mvuke wa rangi na dawa hizi nusu saa, nyinyi kutwa nzima, pengine mtoto akiwa mgongoni. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Kaeni karibu na mlango ulio wazi, funikeni vichupa kila mnapomaliza kuchovya, pamba yenye asetoni ya kufutia rangi itupwe kwenye pipa lenye kifuniko, na mtoto abaki nje na wenzake.