Ndugu wa Ng'ambo Nao ni Ndugu

(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana baada ya futari)



Alhamdulillah. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazee wetu mlioketi nyuma, mada niliyopewa ni kuunga udugu. Tukitajiwa jamaa, sisi huwafikiria wa Majengo, wa Malindi, wa Lamu. Leo tuwakumbuke wa ng'ambo.

Wengi wa Pwani hii wana asili ya Hadhramaut, kusini mwa Yemen. Wazee walikuja kwa majahazi na upepo wa kaskazi, wakirudi na kusi. Wako waliooa kule na huku. Mwaka 1967 Waingereza wakaondoka Aden, ikaja serikali ya kijamaa, safari zikawa ngumu, barua zikakatika. Watoto wa baba mmoja wakakua hawajuani.

Babangu aliondoka Shihr mwaka 1966, akaacha mke, mtoto wa kiume na binti mchanga. Alifariki Mombasa mwaka 2019. Sandukuni mwake mlikuwa na barua kuukuu yenye jina la mtaa na la mjomba wao. Kwa barua hiyo, mwaka 2023 mimi na kakangu tulipitia Cairo, tukashuka Seiyun, tukateremka kwa gari hadi pwani.

Dada yetu ni mtu mzima, anakaribia miaka 60. Alinishika masikio akasema: "Haya ni ya kakangu." Kaka huyo alifariki mwaka 2021, hatukumuwahi. Mama yao pia alitangulia zamani. Kiarabu changu cha madrasa, irabu zote mahali pake, kiliwachekesha watoto mno! Mzee mmoja aliyewahi kukaa Lamu ndiye aliyetufasiria.

Sasa nije penye uzito. Ndugu wa mbali hupendwa mpaka itajwe mirathi. Hapo utasikia: "Wale hawakumuuguza mzee." Jamani, sheria haikuuliza nani alimuuguza. Watoto wa kiume wa baba mmoja hisa zao ni sawa, hata kama mama ni mbalimbali, na binti ana nusu ya hisa ya kaka yake. Nyumba ya baba iko hapa mjini. Tulikwenda kwa Kadhi, tukataja majina yote, na hisa ya marehemu kaka ikaandikiwa warithi wake. Dada hakuitisha chochote. Lakini haki haingoji kuitishwa.

Nabii Yusuf (A.S.) alitupwa kisimani na nduguze mwenyewe, na alipokuwa na cheo Misri aliwasamehe. Sisi hatukutupwa na ndugu. Tulitengwa na bahari na siasa. Basi kinachotuzuia ni nini?

Kabla ya Idi, keti na mzee wako, uandike: majina matatu, kabila, mji, mtaa, majina ya mama. Wazee wakienda, majina hayo huenda nao.

Mwenyezi Mungu atukutanishe na jamaa zetu hapa duniani, na kesho Peponi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.